Koti la Mtu Aliyeinama

Fundi cherehani alikuwa ameshampima mdogo wake mabega, na futi kamba ilikuwa bado inaning'inia shingoni, redio ilipotangaza kwamba Benki Kuu imepandisha tena riba. Aliacha kupima. Alikifunika kwa gazeti kitambaa cheupe cha mteja, akakaa mkekani, akamvuta na mdogo wake naye akae. Dari ya sebule ikashuka kiasi cha kiganja, taratibu, ikamwaga vumbi kidogo juu ya gazeti, ikatulia.

"Afadhali ya leo," fundi alisema. "Mara ile iliniharibia gauni zima la bibi harusi. Na kwako itakuwa imeshuka hivi hivi."

"Hivi hivi, dada," alijibu mdogo wake, ambaye alikuwa afisa mikopo wa benki.

"Pole, mdogo wangu. Haya, simama tumalize. Inama kama unavyoinama nyumbani kwako."

Afisa mikopo aliinama. Fundi alimzunguka, naye ameinama vilevile, akaguna.

"Mbona unainamisha shingo peke yake? Mtu huinamia kiunoni, la sivyo utavunjika. Benki imekufundisha kujikaza hata nyumbani!"

Akainamia kiunoni. Fundi alipima mgongo, akapima kifua, akaandika kwa chaki juu ya meza. Koti la mtu aliyeinama lina mkato wake: nyuma huwa refu, mbele huwa fupi, na vifungo huanzia chini kidogo ili lisimkabe. Mtaa mzima ulivaa makoti na magauni yake. Alikuwa na kazi nyingi kuliko zamani, na malipo yake yote yalikwenda benki.

Nyumba za mtaa ule zilinunuliwa kwa mikopo ya benki moja, kwa riba ya kupanda na kushuka, na riba ilipopanda dari zilishuka. Kinyozi wa nyumba ya pili aling'oa panga boi siku lilipotaka kumnyoa mteja kabla yake yeye. Mwalimu mstaafu alikata miguu ya meza, kisha ya viti, kisha ya kitanda, na sasa hakubakiwa na miguu mingine ya kukata ila yake mwenyewe. Gavana wa Benki Kuu alieleza redioni kwa sauti ya upole kwamba fedha zikiwa ghali watu watanunua kidogo, na bei zitatulia. Zilitulia kweli, isipokuwa bei ya dawa ya kuchua mgongo.

Riba iliwahi pia kushuka. Siku ile watu walitoka nje wakasimama barabarani, wakingoja nyumba zao zinyanyuke. Hazikunyanyuka. Meneja wa benki alisema kupanda hufanyika palepale, lakini kushuka kunahitaji kikao, na wajumbe wa kikao walikuwa likizo. Watu wakarudi ndani kwa magoti.

Mpwa wao aliyeishi ughaibuni alipiga simu kulalamika kinyume. Huko benki kuu ilikuwa imeishusha riba karibu na sifuri, na dari zilikuwa zimepaa mpaka joto la jiko halimfikii mtu, na taa ikiungua lazima uite zimamoto. Katika nchi jirani na hiyo, riba hufungwa siku ya kukopa, na nyumba hazipandi wala hazishuki.

"Mwambie gavana wenu atuazime kidogo," fundi alimwambia, kisha akamuuliza kama amekula.

Nyumba ya afisa mikopo nayo haikupanda wala kushuka. Benki ilikuwa na desturi yake ya ndani: kila mfanyakazi aliruhusiwa kutaja nyumba moja, yake au ya ndugu, ambayo riba yake haitaguswa. Enzi walipokuwa wakipanga chumba kimoja, dada analala nyuma ya pazia na cherehani yake, na cherehani hiyo ndiyo inayolipa ada ya shule ya mdogo wake, mdogo alimwahidi dada kwamba akipata kazi atamnunulia nyumba. Alipoipata kazi hakumnunulia, ila alimshawishi akope. "Nataka nyumba ambayo nikinyoosha mikono siigusi dari," dada alisema, na hakutaka kingine. Afisa mikopo alimwambia riba itashuka tu, na ikikataa, ataitaja nyumba ya dada.

Kisha akaoa, akakopa nyumba yake mwenyewe, akaitaja hiyo. Dada alipouliza, alijibu kwamba benki imeifuta ile desturi. Dada alisema basi, si kosa lako.

Tangu hapo kila afisa mikopo alipofika kona ya mtaa wa dada alianza kuinama. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alipita mbele ya kinyozi ameinama, wakasalimiana kama wagonjwa wa wodi moja. Akirudi, alijinyoosha palepale kwenye kona, na aibu ilimtafuna mpaka nyumbani, ambako mkewe alikuwa akitundika mapazia marefu.

Wiki ile ile aliyopimwa koti, meneja alimwita. Wapima thamani walikuwa wamepita mtaani na kuona kwamba nyumba zimekuwa fupi. Nyumba fupi thamani yake ndogo, na mkopo ukizidi thamani ya nyumba, benki imejiweka hatarini. Kila mkopaji aongeze dhamana.

"Dada yako ana cherehani," meneja alisema. "Itakaa stoo kwetu mpaka hali itengemae. Nenda kaichukue wewe, asione tunamdhalilisha."

Afisa mikopo akauliza kama mtu anaweza kubadilisha nyumba aliyoitaja.

"Mpaka Ijumaa. Mwenye nyumba aje mwenyewe na kitambulisho. Yake itanyanyuka, na hiyo cherehani hatutaihitaji. Yako itashuka kwa mkupuo, kiasi chote ambacho haikushuka tangu mwanzo." Meneja alimtazama kimo. "Kama hapa kifuani."

Asubuhi ya Ijumaa afisa mikopo alipiga moyo konde. Njia nzima alikariri maneno: dada, chukua kitambulisho twende, ile desturi haikufutwa, nilikudanganya. Yalikuwa maneno machache, hata mtoto angeyasema. Kwenye kona akainama kwa mazoea.

Dada alimpokea mlangoni kwa magoti. Cherehani ilikuwa imeshafungwa kamba na kuwekewa kitambaa, kama mgeni anayeaga.

"Nilisikia mnazikusanya," alisema. "Nikasema heri aje mwenyewe kuliko waje wale. Lakini kwanza, njoo hapa."

Akamtolea koti. Lilikuwa la kijivu, limepigwa pasi, na vifungo alivitambua: vya koti lake dada, lile la kutokea.

"Nimekesha nalo kabla mashine haijaondoka. Usinilipe. Na wewe una mkopo, na wewe dari inakushukia, halafu unashinda huko unasimama wima mbele ya mabosi ili wasijue. Nakuonea huruma, mdogo wangu. Mimi angalau nainama kwangu."

"Dada," alisema.

"Sema."

Maneno yote yalikuwepo. Aliyaona yamejipanga, kisha akaona na uso wa dada yake utakavyokuwa baada ya kuyasikia, akauliza kingine.

"Utashonaje sasa?"

"Kwa mkono. Sindano haihitaji dari."

Alimvalisha koti yeye mwenyewe. Wakasaidiana kumbebesha cherehani begani. Ilikuwa ya chuma, ya zamani, nzito kama ilivyokuwa utotoni walipohama nayo vyumba, na wakati ule aliyeibeba ni dada. Ilimkunja. Alitoka nje amepinda kutoka kiunoni, sawasawa na watu wengine wote wa mtaa, na kwa mara ya kwanza hakuwa anaigiza.

Fundi alichungulia mlangoni, akalikagua koti. Nyuma halikupanda, mbele halikukunjamana, mabega yalikuwa mahali pake.

"Limekukaa," alisema kwa furaha.

"Limenikaa, dada," alijibu, akaenda na cherehani benki.