Macho Makavu Msibani

Siku waliyomzika mama yao, mwalimu hakulia. Alipokea wageni, akawatafutia viti, akamdaka shangazi yao aliyeishiwa nguvu mlangoni, kisha akasimama akasoma wasifu wa marehemu toka mwanzo hadi mwisho bila sauti kutetereka. Watu wakatikisa vichwa wakasema, mwanamume ndiyo huyo. Dada yake peke yake alimtazama kwa jicho la pembeni. Alimlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na alimjua. Huyu ni mtoto aliyewahi kulia siku nne kwa ajili ya kuku aliyekanyagwa na baiskeli.

Dada huyo alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na wateja walikuwa wakisema mkasi wake ni butu ukiufananisha na ulimi wake. Alikuwa amempita mdogo wake miaka kumi na mmoja, na kwa hesabu zake, miaka hiyo ilimpa haki ya kumwambia lolote.

Mdogo wake alifundisha hisabati sekondari. Kwa muda mrefu wanafunzi walimwita Mnong'ono, maana akisimama mbele yao koo lilimkauka na sauti ikazama tumboni. Asubuhi alitapika kabla ya kwenda kazini. Mkuu wa shule akipita tu dirishani, moyo ulimwenda mbio kama wa mtu aliyefumaniwa. Nyumbani walisema ni aibu ya kuzaliwa, ataizoea dunia. Hakuizoea. Alipofika miaka thelathini na minne alikwenda mwenyewe kwa daktari, naye akamwambia kwamba wasiwasi wa namna ile ni maradhi kama maradhi mengine, akamwandikia kidonge kimoja kila asubuhi, na akampangia mshauri wa kuzungumza naye.

Wiki ya kwanza kichefuchefu kilimzidi. Ya tatu alilala kama gogo. Kufika mwezi wa pili, mwalimu wa darasa la jirani alibisha mlango kumwomba apunguze sauti. Alipomsimulia dada yake kisa hicho, alicheka mpaka akashika mbavu, naye dada akacheka, ingawa moyoni hakuvipenda vile vidonge. Mteja mmoja alishamwambia habari za binamu yake aliyeanza na kidonge kimoja akaishia kuwa mtumwa wa chupa nzima. Dawa gani ile, au binamu yupi, fundi hakuuliza.

Basi siku ya tatu baada ya maziko, walipobaki wawili, wakikunja nguo za marehemu, dada alishindwa kujizuia.

"Mdogo wangu, mama amekufa. Unajua kwamba mama amekufa?"

"Najua, dada."

"Mbona macho makavu?"

Mwalimu aliweka chini kitenge alichokuwa amekishika. "Ni dawa. Huzuni ipo, naiona, lakini kama iko ng'ambo ya kioo. Furaha pia. Nimelipima jambo hili, dada. Silii, lakini nafundisha. Zamani nililia, na darasani nilikuwa mfu. Nimechagua hivi, kwa sasa."

"Umechagua kuwa jiwe."

"Nilikuwa nataka kumwuliza daktari kama..."

"Daktari alimjua mama?" Na hapo akatamka neno ambalo baadaye angetoa kidole chake kimoja ili lirudi mdomoni. "Mama angekuona pale kaburini angesema, huyu si mwanangu."

Mwalimu alikunja kitenge, akakiweka juu ya vingine, akaaga kwa heshima. Kesho yake alimpigia simu dada yake kumwarifu kwamba vidonge vyote amevimwaga chooni.

Siku ya nne tangu avimwage alikuja chumba cha kushonea, akaketi katikati ya mabaki ya vitambaa, akalia. Alilia kwa ajili ya mama, halafu akalia tu. Fundi aliacha mashine, akamkumbatia, akamshukuru Mungu kwamba ndugu yake amerudi. Alifurahi. Hilo ndilo linalomchoma hadi leo, kwamba alifurahi.

Maana kilio hakikukata. Kikafuata kizunguzungu, kikafuata kukosa usingizi, kisha mwalimu akaanza kulalamika kwamba akigeuza macho ghafla anasikia kama shoti ya umeme inapita kichwani.

"Nadhani nimrudie daktari," alisema.

"Ni sumu inatoka hiyo. Vumilia, wiki moja tu."

Akavumilia. Alikuwa mtu wa kumsikiliza dada yake.

Wiki ya pili ilikuwa ya mitihani ya mwisho. Mwalimu alipangwa kusimamia chumba peke yake. Nusu saa tangu karatasi zigawiwe, kifua kilimbana, mikono ikafa ganzi, akaamini kwamba anakufa. Alitoka mbio, akavuka uwanja, akaonekana nje ya ukuta ameketi chini akikumbatia magoti yake. Watahiniwa walibaki bila msimamizi kwa dakika ishirini. Wengine walinakiliana, wengine hawakufanya lolote, lakini wote walifutiwa karatasi ile na kulazimika kuirudia baada ya miezi mitatu. Wazazi walikuja shuleni wakiwa moto. Hakuna aliyemfukuza kazi mwalimu. Aliandika barua mwenyewe.

Fundi alimpeleka kwa daktari yule yule, na kwa mara ya kwanza aliingia naye ndani. Alitarajia kusutwa. Daktari, mwanamama mwenye miwani, hakumsuta mtu.

"Dawa hizi haziachwi ghafla," alisema. "Hupunguzwa kidogo kidogo, wiki hadi wiki, mwili ukizoea. Na hali hiyo ya kukauka machozi tunaifahamu. Huwapata wengi. Tungeweza kupunguza kipimo, au kubadili dawa, au kujaribu ushauri peke yake. Tungekaa tukapima. Kwa nini hukuja?"

Mwalimu alitazama sakafu. Hakumtaja dada yake. Fundi alifungua mdomo aseme ni mimi, na ule ulimi uliokata kila kitu ukamgandia kinywani. Alikaa hivyo hivyo mpaka daktari akaanza kuandika.

Waswahili husema majuto ni mjukuu. Kwa fundi hayakusubiri kizazi cha pili, yalihamia siku ile ile. Kila alipopima bega la mtoto wa shule, alijiuliza mbona nguo aliipima mara mbili kabla ya kukata, na nduguye akamkata bila kupima hata mara moja.

Mwalimu alipona kiasi cha kupona. Alibadilishiwa dawa, na akaendelea na mshauri wake. Siku hizi anatunza ghala la duka moja la vitabu, ambako hakuna mtu anayesema kwa sauti. Shule mbili zimemwita, akashukuru akakataa.

Mwaka ulipokwisha, fundi alijikaza akamwendea ghalani, akamkuta akifungua makasha ya madaftari.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Lile neno la mama. Na kukuachisha dawa."

"Yamepita, dada. Nilikuwa mtu mzima, mikono iliyomwaga ni yangu."

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Nilitamani kulia, ndiyo maana nikakusikiliza." Alitafuta kisu cha kukatia kamba. "Na nililia. Kile kilio sikijutii."

Fundi alikiona kisu, akampa. "Hizi za sasa zinakufaa? Unalala? Daktari anasemaje?"

"Nipo vizuri tu," alisema mwalimu kwa upole, akainua kasha lingine. "Cherehani zinasemaje? Ile kubwa bado inakula uzi?"

Akamjibu kwamba bado inakula uzi. Wakazungumza habari za uzi mpaka muda wa kufunga duka.