Muziki Juu ya Ufa

Bilhah aliahidi watu kwamba wakishaona muvi yake, hakuna mtu angelala tena chini ya kile kilima. Hiyo tu ndiyo ilikuwa kazi ya muvi. Kilima kilikuwa kimepasuka pale juu, nyuma ya laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa chai, karibu na shamba la mboga za managu la nyanya yake, Nyakerario. Mvua nayo ilikuwa wiki ya tatu, haipumziki. Watu walipomwambia nyapara wa shamba, akasema ni njia ya fuko. Basi Bilhah, diploma ya filamu bado inanukia wino, akapanda na nyanya na simu yake kwenda kupiga picha.

Na vile aliipika hiyo muvi! Aliipaka rangi ya samawati mpaka majani chai yakakaa kama ya kuzimu. Alitingisha mkono makusudi, eti ndivyo uoga huingia. Hakuna picha ilikaa zaidi ya sekunde mbili. Halafu juu ya yote akamwaga ngoma, fidla, na sauti ya mwanamke anayelia.

Jumapili baada ya kanisa, ukumbi ulio juu ya laini ulijaa. Mapazia yakafungwa, mvua ikipiga mabati. Bilhah alisimama nyuma, akingoja watu washtuke.

Watu wakacheka.

"Bilhah, kwani kamera ilikuwa na malaria?" Huyo alikuwa Oyoo, dereva wa trekta.

"Washa taa basi! Tunaona giza tu!"

"Ambieni huyo mama anayelia anyamaze, tumsikie nyanya!"

Maana kwa skrini Nyakerario alikuwa ameinama juu ya ufa, mdomo unasonga, lakini fidla ilikuwa imemmeza. Fimbo yake ikaonekana, ikapotea, picha ikaruka kwa mawingu. Jirani yao Loice akashika mdomo, akakimbia nje kutapika kwa kizunguzungu. Wengine wakamfuata wakicheka. Kabla hata muvi iishe, viti vilikuwa vitupu na watu wameteremka laini kupika.

"Hawaelewi sanaa," Bilhah alisema, machozi yakimlenga.

"Hata mimi sikuelewa," Nyakerario akajibu kutoka kiti cha mbele. "Na nilikuwa huko."

Oyoo alikuwa amebaki akingoja mvua ipungue. "Nyanya, ulikuwa unasema nini pale?"

"Nilisema wasikilize."

"Wasikilize nini?"

Bilhah akatoa simu. Ile picha ya kwanza ilikuwa bado humo, kabla ya rangi, kabla ya ngoma. Oyoo akainama kuangalia. Humo Nyakerario anaingiza fimbo kwa ufa. Inaingia. Inaingia tu. Fimbo ndefu ya kumfika kifuani, ikazama mpaka ngumi yake ikagusa udongo.

Oyoo akaacha kutabasamu.

"Sikilizeni," nyanya akasema ndani ya simu, kisha akanyamaza. Hapo ndipo Bilhah alikuwa ameona kimya kimezidi, akakiziba na ngoma. Sasa akasikia. Maji yalikuwa yanatembea chini ya ardhi, polepole, kama mtu anayekokota gunia.

"Rudisha," Oyoo akanong'ona.

Akarudisha. Picha ikaisha, simu ikawa nyeusi.

Sauti haikuisha.

Wakatazamana wote watatu. Ilikuwa inatoka chini ya sakafu, na viti vya plastiki vilikuwa vimeanza kugongana vyenyewe.

Nyakerario alikuwa ameshasimama. "Bilhah, shuka laini. Usionyeshe mtu kitu chochote. Piga kelele tu."

Bilhah akatoka mbio kwenye mvua bila viatu. Huko chini moshi ulikuwa unatoka kila nyumba, watu wameketi kula. Akafika mlango wa kwanza, akaupiga kwa ngumi zote mbili.

"Tokeni! Kilima kinakuja! Tokeni!"

Ndani kijiko kikawekwa chini. Halafu mtu akacheka.

"Ni Bilhah. Ameleta sehemu ya pili."