Sahihi za Mahudhurio

Kila asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, nilipitia kibandani kwa shangazi yangu, fundi cherehani. Yeye alinimiminia chai kwenye kikombe kilichovunjika mkono, nami nikazunguka nyuma, kwenye kiwanja, nikafungua kifuniko cha bomba ambalo ofisi yetu ililizamisha ardhini, nikateremsha utepe wa kupimia hadi uguse maji, kisha nikaandika daftarini maji yako chini kiasi gani. Kiangazi, mita mbili. Baada ya mvua, sentimita arobaini tu. Niliporudi mbele, chai ilikuwa imepoa kiasi ninachokipenda.

Siku hiyo kikombe kilikuwa kimelala kifudifudi mezani. Shangazi hakuinua uso. Alinisogezea karatasi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma mdudu.

"Nisomee," alisema. "Si wewe ndiye msomi wetu."

Ilikuwa barua ya halmashauri, mwajiri wangu, kuhusu mabadiliko ya mpango wa katikati ya jiji. Kiwanja kile cha nyuma, kinachonywa maji yote ya mvua yanayoteremka kutoka mitaa ya juu, kingejengwa ghorofa tisa, na maegesho ya magari chini ya ardhi. Tathmini ya mazingira ilikuwa imekamilika. Kamati ingetoa idhini leo, saa nne. Nyuma ya barua kulikuwa na ukurasa wenye kichwa kipya: Wananchi Walioridhia. Chini yake, majina thelathini na manne, kila moja kwa mwandiko wake. La kwanza lilikuwa la shangazi.

Niliijua karatasi ile. Ilikuwa orodha ya mahudhurio ya mkutano wa ofisi yetu na watu wa mtaa. Niliizungusha mwenyewe, kalamu mkononi. Shangazi alikuwa amesita, nikamwambia asiogope, ni ya kuonyesha kwamba alikuja, basi. Alipotia sahihi yeye, mtaa mzima ulifuata.

"Sikujua, Shangazi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akitunga uzi. "Na mimi ndiye ninayezishona hizo nguo."

Fundi viatu wa kibanda cha pili alicheka, kisha akauona uso wangu, akarudi kwenye gundi yake.

"Maji yakiingia humu, mwanangu, cherehani hii haijui kuogelea," shangazi aliendelea. "Haya, nenda. Utachelewa huko kwenu."

Alisema "huko kwenu" kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Mkuu wa kitengo chetu nilimwita Mwalimu, maana alinifundisha chuoni kabla ya kunitafutia kazi. Nilimkuta akifunga tai mbele ya kioo cha kabati la mafaili. Niliiweka mezani karatasi niliyotoka nayo kwa shangazi.

"Mwalimu, hii ni ya mahudhurio. Kichwa kimebadilishwa."

"Eh, nilimwambia karani aweke kichwa kinachoeleweka." Hakugeuka. "Walikuja, walikunywa soda zetu, hakuna aliyepinga."

"Na vipimo vyangu? Miezi kumi na minne, Mwalimu."

"Vimo. Kiambatisho cha tano, huko mwisho." Sasa aligeuka, akanitazama kwa huruma ileile aliyokuwa akinirudishia nayo karatasi za mtihani. "Binti yangu, ripoti yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali uliposema hapana. Ningeipata hapana moja tu, ningekuwa na la kuwaambia wakubwa. Uliandika nini? 'Huenda ikafaa suala hili litafakariwe zaidi.' Basi, tumelitafakari."

Nilitaka kumkumbusha kwamba ni yeye aliyekuwa akizungushia wino mwekundu kila "lazima" yangu na kuandika pembeni: lainisha. Nilimbebea mafaili hadi ukumbini, kama siku zote.

Wajumbe wa kamati walikuwa saba, na feni moja. Mwalimu alizungumza vizuri, kama anavyojua. Aliwaonyesha mchoro wangu wa maji, lakini ulikuwa na miezi ya kiangazi peke yake. Ile ya mvua ilikuwa imekatwa, na ukingo wa mchoro ukasawazishwa vizuri usionekane. Kisha akawaonyesha zile sahihi. Nyuma, kwenye viti vya wananchi, niliona shangazi ameketi wima, futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Hakuwa akimtazama Mwalimu. Alikuwa akinitazama mimi.

"Mtaalamu wa vipimo ana la kuongeza?" mwenyekiti aliuliza.

Swali hilo huulizwa kila kikao, na kila kikao mimi hujibu kwamba sina. Karani alikuwa ameshaliandika jibu langu; nililiona kwenye muhtasari wake, wino umeshakauka. Mwalimu alikuwa tayari anakusanya karatasi.

Nilisimama. Nilishika ukingo wa meza.

"Ninalo, Mwenyekiti."

Karani aliinua kalamu.

"Karatasi hiyo ni ya mahudhurio. Mimi ndiye niliyewaambia waisaini, na wa kwanza ni shangazi yangu, yule pale. Hakuna aliyeridhia. Mchoro huo umekatwa miezi ya mvua." Nilingoja kalamu ya karani iandike. "Na kwenye ripoti niliandika 'huenda'. Nilimaanisha hapana. Kiwanja kile kikijengwa, mtaa wa mafundi utaingia maji mvua za kwanza tu. Kisijengwe."