Ua Lililomtoa Jean-Pierre

Jean-Pierre alianza kutoka kwenye ua la Oola Jumanne asubuhi, jino kwanza, na harufu ikajaa nyumba.

Oola alikuwa uani Kawempe, akichekecha mchanga. Mimea yake haikutaka udongo mweusi. Ilitaka mchanga mnene, kokoto na matofali yaliyopondwa, mahali ambapo maji yanapita bila kukaa. Alikuwa na mikebe arobaini na tatu, mingi ya mafuta ya kupikia, ameitoboa chini kwa msumari na kuipanga juu ya mbao kando ya ukuta. Kulikuwa na dungusi za mviringo zenye miiba ya manjano, dungusi zenye nywele nyeupe kama kidevu cha mzee, shubiri za madoa, na dungusi moja ndefu kupita mlango, aliyoiotesha kwa mbegu mwaka aliozaliwa binti yake Ayaa. Alizikusanya miaka yote aliyoendesha lori la polisi. Wenzake walirudi safarini na mbuzi. Yeye alirudi na miiba, na mkewe Santina hakuwahi kumsamehe.

Mmea wenye ua lile haukuwa na miiba. Ulikuwa vidole vya kijani vya pembe nne, laini kama sikio, na ua lake ni nyota yenye rangi ya ini, ina nywele, inanuka nyama iliyooza ili nzi waje. Hilo ni jambo la kawaida kwa mmea wa aina hiyo. Oola aliuita Mzoga, na kila ulipochanua aliupeleka nyuma ya choo mpaka ua linyauke. Safari hii harufu ilikuwa na mambo mengine ndani yake. Ilikuwa na sigara, na spiriti ya kinyozi, na maji ya mtaro.

Akaingiza kidole katikati ya ua. Kulikuwa na ute wa uvuguvugu, na ndani ya ute jino. Akalifuta kwenye suruali, akatema mate mara kadhaa, akamwita jirani juu ya ukuta.

Monique alikuja na unga mikononi. Alilichukua jino, akaligeuza, akaonyesha lilipomeguka.

"Njo yake, ni ya Jean-Pierre, Papa Oola. Alivunja na chupa ya bia, Bukavu, siku ya ndoa yetu."

"Basi lichukue. Mimi nataka kutapika."

"Tapika tu, papa. Mimi nabaki hapa kidogo."

Akavuta kigoda, akakaa mbele ya ua, akavuta pumzi kwa pua kama mtu aliyefika jikoni kwa mama yake. Oola alitazama, akaenda nyuma ya choo kutapika.

Jean-Pierre, mume wa Monique, kinyozi, alikuwa ameanguka kwenye shimo la mtaro siku ya mafuriko. Shimo halikuwa na kifuniko. Kifuniko chake cha chuma kilikuwa kimeondoka kabla ya Pasaka juu ya toroli, kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mwenyekiti wa mtaa, Nakhisa, alitembea kando ya toroli akikishika kisianguke. Watu wote waliona. Wengine walimsaidia kukipandisha, wakapewa soda. Kisha mvua ikaja, barabara ikawa mto, na Jean-Pierre akaweka mguu mahali ambapo alidhani kuna barabara. Maji yale yale yaliingia uani kwa Oola, yakaujaza mkebe wa Mzoga, yakatoka.

Mwili haukuonekana. Kwenye mkutano wa mtaa Nakhisa alisema hakuna mtu aliyeanguka. Alisema Wakongo ni watu wa kuhamahama, huyo amerudi kwao bila kuaga. Watu walipiga makofi kwa sababu mkutano ulikuwa umechelewa kwisha. Tangu siku hiyo Monique alikuwa akilala chini kwenye mkeka, kama wanavyolala wenye msiba, na hakuweza kurudi kitandani. Msiba unafungwa kwa kuzika. Hakuwa na wa kumzika, na hata angempata, makaburini hawapokei mtu bila barua ya mwenyekiti.

Baada ya jino kikaja kidole gumba. Mzoga ulitoa ua jingine, na jingine, na kila ua lilikuwa na kitu: sikio, kucha, kiganja cha kushoto chenye pete, mbavu zimeshikana kama kitana. Monique alileta beseni kubwa la buluu. Kila kipande alikiosha kwa sabuni ya mche, akakipanga mahali pake, akafunika kwa kitenge. Nzi walikaa juu ya kitenge mpaka maua yake yasionekane. Funza walianguka kwenye mbao, na kuku wa majirani walikuja kuwadonoa, na Oola akaacha kula mayai.

Majirani walilalamika kuhusu harufu. Muuza chapati alihamisha jiko lake. Mama mmoja alituma ganda la chungwa lichomwe. Hakuna aliyeuliza anayenuka ni nani, kwa kuwa walijua.

Santina alifunga godoro lake kwa kamba.

"Baba Ayaa, nilivumilia miiba. Nilichomwa matako na miiba yako nikanyamaza. Sasa unaniletea mume wa jirani vipande vipande. Nakwenda Makindye kwa dada yangu."

"Utarudi lini?"

"Ukiacha kunuka."

Ilikuwa jioni ile, alipokuwa akitafuta pa kukaa mbali na beseni, ndipo Oola alipoibonyeza dungusi moja ya mviringo na kidole kikazama. Ndani ilikuwa uji. Alijua kuoza kwa mimea hii: kunatoka chini, kwa maji mengi, na ni kosa la mwenye mkono wa huruma. Lakini mchanga wa mkebe huu ulikuwa mkavu kabisa. Akapita mkebe kwa mkebe. Iliyokuwa karibu na Mzoga yote ilikuwa imekwisha, ngozi imesimama, ndani usaha wa kahawia. Kipande kidogo kilikuwa kimekula mmea mdogo. Mbavu zilikuwa zimekula dungusi tatu na shubiri moja. Mzoga haukuweza kumtoa mtu bila kula kitu.

Dawa ilikuwa rahisi. Kung'oa Mzoga, kuutupa mtaroni, na zaidi ya nusu ya mikebe ingepona, pamoja na ile dungusi ndefu ya Ayaa. Alishika panga. Monique alikuwa pale kwenye kigoda, akifukuza nzi kwa upindo wa khanga.

"Ng'oa, Papa Oola," alisema bila kugeuka. "Usiue mimea yako. Mimi nitakaa na hii nusu."

"Nusu ya mtu utaizika wapi?"

"Nitakaa nayo tu."

"Inanuka, Monique!"

"Najua inanuka. Unafikiri mimi sina pua?"

Oola aliweka panga chini mpaka kesho.

Kesho yake mchana Nakhisa akaja mwenyewe, leso puani, chupa ya soda mkononi.

"Banange, jamani, Afande, hii harufu gani? Jumamosi tuko na wageni. Wanakuja kufungua taa ya barabara. Watapita hapa hapa."

"Wapite wameziba pua, kama wewe."

"Ng'oa hii kitu, Afande. Nakuomba vizuri."

"Kwanza njoo umsalimie mwenye harufu."

Oola akafunua kitenge. Nzi walipanda wakashuka. Nakhisa aliinama, akatazama mikono, akatazama mbavu, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Ni yeye," alisema. "Hiyo mkono ilikuwa inaninyoa kila Ijumaa. Pole sana, Mama."

"Asante, mwenyekiti. Sasa uniandikie barua nimuzike."

Nakhisa alisogeza leso kidogo, akanywa soda.

"Mama, barua ni ya mtu. Hapa naona mikono, naona mbavu. Kichwa iko wapi? Mimi nikiandika, halafu kichwa ionekane Bukavu inakula samaki, nitasema nini?"

"Na kichwa kikitoka?" Oola aliuliza.

"Kichwa ikitoka, mimi mwenyewe nakuja na muhuri."

Aliondoka. Pale mlangoni aliruka shimo lililokuwa halina kifuniko bila kulitazama, soda isimwagike, kwa hatua ya mtu aliyezoea.

Oola alibaki amesimama. Alikuwa amebeba maiti nyingi kwenye lori la serikali, na hakuna iliyomchefua kama soda ile iliyonywewa juu ya mbavu za mtu. Kisha akashika mkebe wa kwanza aliouona, akauburuta mpaka kwenye Mzoga. Akaburuta wa pili. Miiba ilimwingia viganjani naye hakuitoa. Monique aliinuka akamsaidia, na walifanya kazi ile bila kusemezana, mpaka mikebe yote ikauzunguka Mzoga kama wateja. Dungusi ya Ayaa ilikuwa nzito. Waliilaza kwenye gunia, wakaivuta wawili.

Jumamosi wageni walikuja na kipaza sauti. Walifungua taa. Mmoja wao alisema harufu ile ni ya wauza samaki, na kwamba wauza samaki watashughulikiwa. Watu walipiga makofi, na wauza samaki walipiga makofi pia. Nakhisa alikuwa ameweka meza yenye kitambaa cheupe juu ya shimo, juu yake chupa za maji za wageni. Walipoondoka meza ikaondolewa.

Tumba la mwisho lilifikia ukubwa wa fenesi. Dungusi ya Ayaa ilikuwa bado imesimama asubuhi ya Jumapili, ndipo ikakunjika katikati, ikashuka kama soksi, na maji yake yakatiririka uani, mazito, yananuka mayai. Tumba likapasuka. Kichwa kilitoka kwa kisogo, nywele zimenyolewa vizuri, na Monique akakipokea kwa mikono miwili kama wakunga wanavyopokea.

Mdomo ulikuwa umejaa tope. Alilitoa kwa kijiko. Nyuma ya tope kulikuwa na kavera, mfuko wa plastiki mweusi, akaushika ncha akauvuta, na ukaendelea kuja, mrefu, na Oola akageuka kutazama ukuta. Aliposikia maji ya kuoshea yanamwagwa, akageuka tena. Jean-Pierre alikuwa safi. Alionekana kama mtu aliyesubiri foleni ndefu.

Nakhisa alitimiza ahadi. Alikuja na muhuri, akaandika juu ya goti. Oola alisoma juu ya bega lake: amefariki kwa homa.

"Mwenyekiti, huyu alikuwa na tope mpaka tumboni."

"Afande, homa inaingia kwa njia nyingi."

"Uliuza kifuniko."

"Niliuza," Nakhisa alisema bila ukali, akipulizia wino ukauke. "Nani hajui? Kwani ukiandika hivyo atafufuka?"

Oola alimtazama Monique. Alijua kwamba neno moja zaidi lake mwenyewe lingetosha kumfanya Nakhisa airarue ile karatasi, na muhuri ule usingerudi tena.

"Andika homa, mwenyekiti," Monique alisema. "Nimuzike."

Shahidi alihitajika. Oola alichukua kalamu, akatia sahihi yake, na mate mdomoni yakawa na ladha ya maji ya mtaro.

Walimzika Jumatatu. Usiku ule Monique alilala kitandani. Shimo lilibaki wazi, na wiki ile ile kifuniko cha shimo la pili, la karibu na shule, kikapandishwa kwenye toroli mchana kweupe. Oola aliona kutoka mlangoni. Watu walisaidia kukipandisha.

Gharama ilikuwa hivi. Mikebe arobaini na tatu, yote, na Mzoga wenyewe, uliokauka kichwa kilipotoka. Godoro moja, ambalo liko Makindye pamoja na Santina, anayesema harufu imeingia ukutani. Sahihi moja. Na mguu wa kulia wa Jean-Pierre, ambao haukutoka, na sasa hakuna mmea wa kuutoa.