Mkwe Amesimama

Siku ya tatu bila nyama, Mkwe aliacha kunguruma. Ukimya huo ulimtisha Bi Ndoo kuliko kelele zote. Siku ya kwanza chui milia yule alizunguka chumba chake cha ndani akigonga ubavu kwenye vyuma. Siku ya pili alinguruma mpaka sauti ikakauka. Leo alikuwa amelala juu ya saruji, kidevu juu ya miguu ya mbele, akiutazama mlango wa kwenda kizimba cha nje kama mtu aliyeambiwa asubiri hapo hapo.

Bi Ndoo aliinama kwenye tundu la kuchungulia. Mguu wa kushoto wa mbele ulikuwa umevimba kuliko jana. Ukucha mmoja, usionolewa kwa sababu hakuna gogo la kuunolea, ulijikunja kama ndoano ukarudi ndani ya wayo. Nyama ilikuwa imeumeza, na usaha ulikuwa umegandisha manyoya kandokando. Mkwe akitembea, mguu ule haukanyagi. Unaburuzwa, na ukucha unakwaruza saruji. Hatua tatu, mkwaruzo. Hatua tatu, mkwaruzo.

"Mkwe ameamkaje?" Fundi aliuliza nyuma yake.

"Hajaamka. Wala hajalala."

Jina hilo walimpa wao wawili, kwa kuwa mbele yake huropoki, humpi mgongo, na huondoki kabla hajakuruhusu. Fundi ndiye aliyechomelea vizimba vyote vya bustani ile ya wanyama. Bi Ndoo ni wa ndoo: za nyama, za maji, za mavi, mwaka wa kumi na nne sasa. Kila alipokuwa akifagia kizimba cha nje, Fundi alisimama kwenye tundu na kumpasha habari, kama ndugu wawili wanaopokezana zamu ya kumtazama mgonjwa. "Amelala." "Nimesikia." "Amekaa." "Nimesikia." Fundi akisema "Amesimama", Bi Ndoo aliacha fagio palepale na kutoka, kwa kutembea, kamwe si kwa kukimbia. Sauti ile, pamoja na mnyororo wa mlango wa katikati, ndivyo vilivyomfikisha mwaka wa kumi na nne akiwa na mikono yote miwili.

Leo mnyororo ulikuwa umelala kwenye majani, nje. Muongozaji wa kipindi cha televisheni alisema unamfanya mnyama aonekane mfungwa.

"Komeo peke yake hata mbuzi analifungua," Fundi alinong'ona. Asubuhi alikuwa amemweleza hivyo mwenye mali mwenyewe, na mwenye mali akamjibu kwamba akitaka kazi ya uchekeshaji aseme tu, atatafutiwa jukwaa.

Mwenye mali walimwita Manyoya, kwa lile koti lake lenye ukosi wa manyoya ambalo halikumtoka mwilini hata jua likiwa la kuyeyusha lami. Kipindi cha kwanza ndicho kilichompa umaarufu. Watu wa televisheni walikaa pale wiki sita. Walipiga picha za wake zake watatu wa zamani, bastola yake, ugomvi wake na jirani, machozi yake. Siku moja walimkalisha Bi Ndoo juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakamtundikia kipaza sauti kifuani, naye akaongea saa nzima. Aliwaonyesha mguu. Aliwaambia kwamba daktari wa mifugo alifika mara ya mwisho kabla yeye Bi Ndoo hajaota mvi. Aliwaambia kwamba vizimba ni finyu, kwamba watoto wa Mkwe walichukuliwa macho hayajafumbuka ili wageni wapigwe nao picha. Muongozaji, mwanamke mpole mwenye viatu vyeupe, alimshika mkono na kumwita mama.

Kisha ukaja mwezi wa hofu, wa kungoja kipindi kirushwe. Bi Ndoo alikaa katika chumba nyuma ya banda la kukatia nyama ya wanyama, chumba cha mwajiri, na kila alipoona koti lile linapita dirishani alilitazama godoro lake. Akishajua nilichosema, nitaweka wapi godoro langu? Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, alichoogopa hata kukiita tumaini: kwamba mtu fulani mahali fulani atauona mguu ule na kuja.

Siku ya kipindi, Manyoya aliwakusanya wafanyakazi wote ofisini mbele ya televisheni. Bi Ndoo alikaa karibu na mlango. Saa nzima ikapita bila mguu. Halafu uso wake ukatokea, mkubwa kama sinia, akisema, "Namwogopa. Usiku silali." Hayo aliyasema kuhusu Mkwe; maneno yaliyofuata, kwamba anaogopa atamkuta amekufa, yalikuwa yamekatwa. Hapo skrini ikarusha picha ya Manyoya akilenga bastola, na muziki mzito ukapanda.

Alingoja kufukuzwa. Manyoya alicheka mpaka akakohoa. "Wewe mama," alisema, akimpiga begani, "umenifanya mtu wa kutisha." Baada ya hapo wageni walijaa langoni wakiwa wamevaa makoti ya manyoya ya bandia. Walitaka kupiga picha na Manyoya. Wengine walimwomba Bi Ndoo aseme tena, Namwogopa, usiku silali, huku wakimrekodi kwa simu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mnyama.

Na sasa walikuwa wamerudi kutengeneza kipindi cha pili. Nyama ilisimamishwa ili Mkwe awe mchangamfu mbele ya kamera.

"Mama, ni kitu kidogo tu," muongozaji alisema. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimefungwa mifuko ya plastiki. "Bosi wako atasimama hapa nje anaongea. Wewe uko ndani nyuma yake, unafagia kama siku zote. Hofu yako ile ndiyo watu walioipenda. Ni ya kweli sana."

"Na mguu?"

"Mguu gani, mama?"

Bi Ndoo alimtazama. Hakuona uongo usoni mwake. Kweli alikuwa amesahau.

"Wa Mkwe. Niliokuonyesha."

"Aa, ule. Tukimaliza hapa tunaupiga picha. Nakuahidi."

Manyoya, aliyekuwa akipakwa poda, alifumbua jicho moja. "Mguu una nini?"

Maneno yote ya saa ile nzima yalimjia Bi Ndoo; akachagua matatu.

"Umechubuka kidogo, bosi."

"Basi." Akafumba jicho. "Chumba chako kule nyuma hakivuji?"

"Hakivuji, bosi."

"Vizuri. Ningesikitika ukilowa."

Bi Ndoo alichukua fagio. Aliushika mpini kwa nguvu kama anaukamua. Aliingia kizimba cha nje, na Fundi akasimama kwenye tundu lake. Kati ya Bi Ndoo na Mkwe kulikuwa na mlango wa chuma wa kusukuma na lile komeo.

"Amelala," Fundi aliita.

"Nimesikia."

Kijana wa sauti alivua hedifoni na kukunja uso. Alisema sauti ya yule mzee inaingilia maneno ya mhusika mkuu. Fundi akaeleza sauti ile ni ya nini. Muongozaji alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akitikisa kichwa kukubali.

"Ni dakika mbili tu, mzee wangu," alisema. Kisha akageuka, akainua kidole, akakiweka midomoni.

Taa nyekundu ikawaka.

Manyoya alianza kwa sauti nzito. Alisema kwamba binadamu wamemsaliti maisha yake yote, ila mnyama huyu hajawahi. Kwamba anampenda kama damu yake. Bi Ndoo alifagia. Mgongo wake ulikuwa umeuelekea mlango, kama walivyompanga, na shati lilikuwa limemganda kwa jasho. Alisubiri sauti ya Fundi hata akijua haitakuja. Alifagia mahali pamoja mara nne.

Komeo liligonga, taratibu, kama kijiko kwenye kikombe.

Alimtazama Fundi. Fundi alikuwa ameachama, na kijana wa sauti alikuwa amemnyooshea kiganja: tulia. Mdomo wa Fundi ulitengeneza neno lile bila kulitoa.

Hatua tatu. Mkwaruzo.

Usikimbie. Lango la kutokea lilikuwa hatua sita mbele yake, na mbele ya lango kamera ilikuwa imesogea, ikiutafuta uso wake, ikiujaza. Hatua tatu. Mkwaruzo. Kijana wa sauti alibana hedifoni masikioni, akamgeukia muongozaji na kumnong'oneza kwamba kuna kitu kinakwaruza, kinaharibu sauti.

Muongozaji hakuondoa macho kwenye uso wa Bi Ndoo.

"Endelea," alinong'ona. "Tutakifuta baadaye."