Goli la Kukanyaga

Kocha Constantin alikuwa na mpira mmoja tu wa ngozi, na aliuonea uchungu sana. Uwanja wake pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, uko kwenye mteremko, na chini yake ni ziwa, mafunjo mazito na viboko wenye hasira. Mpira ukiteremka huko, umekwenda. Kwa hiyo akatunga sheria: marufuku kupiga mpira kwa nguvu. Ukitaka goli, wapite watu wote, fika kwenye mstari, ukanyage mpira hapo utulie. Hilo ndilo goli. Aliyesahau akafyatua shuti alichapwa fimbo tatu za miguuni, wenzake wakihesabu kwa sauti.

Lakini kufundisha, jamani, alijua! Tusimnyime haki yake. Watoto walituliza mpira kwa kifua, kwa paja, kwa unyayo. Walipiga danadana mia bila kudondosha, chenga za kulia na kushoto, pasi za kisigino. Aliyekuwa mzito wa mguu wa kushoto alicheza wiki nzima bila ruhusa ya kugusa kwa wa kulia.

Aliyewapita wote ni Déo, miaka kumi na minne, mtoto wa Mariette muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Shule ya msingi alikuwa amemaliza, na sekondari mama yake hakuiweza. Kisha Gisa, mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni Mbarara, akatuma habari kwamba ana nafasi moja ya kusomesha mchezaji bure. Mariette alilia kwa furaha kabla hata ya siku ya majaribio.

Siku hiyo, kwenye uwanja wa Nyamityobora huko Mbarara, Déo alipokea mpira kwa kifua, akamwacha wa kwanza, wa pili, wa tatu, akamzunguka na kipa. Watu wakasimama. Goli tupu! Déo akafika kwenye mstari, akaukanyaga mpira, akanyoosha mkono juu kungoja ahesabiwe.

Beki akaja mbio akauondoa. Uwanja ukaangua kicheko.

"Mwache maskini, bambi," mmoja akapaza sauti, "mtu wa kambi anangoja posho!"

Gisa akapuliza filimbi, akauweka mpira mbele ya goli. "Kijana, piga hii. Piga na nguvu yote."

Déo akamtazama kwanza kocha wake.

"Piga, bwana!" Constantin akafoka.

Alipiga mara tatu, na mara tatu mpira ulijikokota hadi kwa kipa, aliyeuokota kwa mkono mmoja huku akipiga miayo. Miguu iliyochapwa miaka minne haisahau kwa siku moja, hata mwenye fimbo mwenyewe akiiamuru.

"Ssebo," Gisa akamuuliza Constantin kwa adabu, "hii mtoto anajua mambo mingi sana. Kupiga goli, wewe hukufundisha yeye?"

Neno moja tu lingemwokoa mtoto. Angesema ni sheria yangu, ni fimbo yangu, Gisa angeelewa. Constantin alilijua hilo vizuri kabisa. Lakini watu walikuwa wameanza kumcheka yeye sasa, na aibu ikamchoma hadi masikioni.

"Nilimufundisha kila siku," akasema. "Huyu mutoto ni mwoga. Akiona goli anatetemeka. Ni vile alizaliwa."

Déo alikuwa amesimama hapo hapo, akisikia.

Gisa akatikisa kichwa. "Kama hajafundishwa, ningechukua. Mwoga, siwezi." Kisha akanyoosha mkono. "Lakini wewe, kazi yako ni nzuri. Kuja kila Jumamosi, fundisha vijana yangu."

Constantin akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili. Mungu amsamehe, mimi siwezi.

Jioni wakarudi kambini. Pale Rwekubo, kituo cha magari cha Nakivale, Mariette alikuwa amesimama wanaposhukia abiria, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Mwana wangu, bamekukubali?"

Constantin akasogea mbele kujibu. Déo akamtangulia.

"Hapana, mama. Mimi ni mwoga. Kocha anasema nilizaliwa vile."

Mariette akamgeukia Constantin, akapiga goti, akamwomba msamaha kwa kumpotezea siku.