Mlango wa Dereva

Tak.

Kisha kimya. Tak nyingine, kavu, kama mtu anayegonga ulimi kwa dharau. Hiyo ilikuwa sauti ya swichi tu, plastiki ikigonga plastiki. Sauti niliyoitaka mimi, ule mgurumo mwembamba wa mota inayopandisha kioo, haikuja.

"Bonyeza cha nyuma," nikasema.

Tak.

"Baba, vimegoma vyote," mama akajibu. "Na wagomaji wenyewe hawana hata msemaji tukae naye tuzungumze."

Nilikuwa nimelala chali chini ya usukani wa teksi yake, kichwa kwenye pedali, miguu imetoka nje ya mlango wa dereva. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango huo uliofunguliwa pana, mkono mmoja kwenye swichi, wa pili umeshika mwavuli juu ya miguu yangu. Ilikuwa ikinyesha ile mvua nyembamba isiyo na haraka, mvua ya kutwa. Vioo vyote vinne vilikuwa vimekwama katikati, havipandi havishuki, na mama alikuwa ametandika nailoni kwenye viti kama mtu anayeuza samaki.

Saa sita mchana Mwenyekiti wa kituo angekuja kukagua magari. Madereva walikuwa wamejiwekea sheria wenyewe: gari lenye kasoro linaondoka foleni ya mbele, penye lango la hospitali, linahamia upande wa maghala. Kule abiria ni paka na upepo. Na nafasi ya mbele ukishaiachia haikungoji, kama kiti cha harusini. Katika foleni nzima ya mbele mwanamke alikuwa mmoja, mama yangu, na wapo waliokuwa wakiipigia hesabu nafasi yake tangu siku aliyoipata.

Siku hizi nina karakana yangu yenye paa na kibao. Wakati ule karakana yangu ilikuwa begi la mgongoni, na umeme wa magari nilikuwa nimejifunza kama nilivyojifunza kutunga mashairi: kwa kuvunja, kuunga, na kuchekwa. Fundi mkubwa wa mtaa wa pili alikuwa amelitazama gari lile jana yake akiwa amesimama, mikono mfukoni, akatoa hukumu: swichi kuu imekufa, iagizwe mpya, subirini wiki kadhaa. Nilimwambia mama asiagize kitu. Nilimwambia kichwa juu, mbele za watu. Kwa hiyo siku ile haikuwa nafasi ya mama peke yake iliyokuwa kwenye mizani. Lakini ya kwangu ingeweza kungoja. Yake ilikuwa na saa.

Nilikuwa nimeanza na fyuzi, kama kila mtu. Nzima. Nikabadilisha rilei, kile kidude kinachoruhusu umeme upite, nikaweka ile ya honi kwa sababu zinafanana kama mapacha, vioo vikanyamaza. Nikachukua taa yangu ya kupimia, kijibalbu chenye waya mbili, nikagusa kwenye sanduku la fyuzi. Ikawaka. Nikafungua ubao wa mlango, nikagusa kwenye swichi kuu. Giza. Umeme ulikuwa unaaga nyumbani, lakini kazini haufiki. Njiani ulikuwa unapotelea wapi? Chini ya usukani palikuwa na maungio ya zamani ya king'ora cha wezi, yaliyofungwa kwa gundi na dua, na mimi nikaapa kwamba mwizi yumo humo. Nilikuwa nimekwisha kuyafungua yote na kuyafunga upya. Mwizi hakuwamo.

"Oyaa, malenga!" Hiyo ilikuwa sauti ya dereva wa gari la pili, tuliyemwita Kipaza kwa sababu siri aliyoambiwa asubuhi ilikuwa imefika sokoni kabla ya chai. "Huko chini unaunga waya au unaunga vina?"

Madereva wakacheka, kila mtu ndani ya gari lake. Damu ikanipanda. Nikatoa kichwa nje kwenye mvua nikawatupia papo hapo:

"Chekeni leo chekeni, kicheko hakina kodi;
Mama hatoki foleni, kwa maneno ya hasidi."

"Hasidi mimi?" Kipaza akapiga usukani kwa furaha. "Mama Mapokezi, mwanao kakosa fyuzi, anatafuta kwenye kamusi!"

Mama Mapokezi. Jina hilo alitoka nalo zahanati, alikofanya kazi ya mapokezi kabla haijafungwa na yeye kujifunza udereva katika umri ambao wenzake walikuwa wakijifunza kupumzika. Nikiwa mdogo nilikuwa nikimngoja pale kwenye benchi baada ya shule. Kila mlango ulipoguswa alikuwa ameshainuka. Wenzake walikuwa wakisema "ingia" huku wakiandika. Yeye alikuwa akizunguka meza, anafika mlangoni kabla mgonjwa hajausukuma. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajichosha. Akanijibu, "Mtu mwenye maumivu asipigane na mlango."

"Toka huko chini ukae kama binadamu," akaniambia sasa. "Mgongo wako nitaupeleka kwa fundi gani?"

Nikatoka, nikaingia kiti cha nyuma nimenuna. Yeye akakaa kwenye usukani, akafunga mlango. Tukawa tunasikiliza nailoni zikipigwa na mvua. Kidole changu kilikuwa kwenye swichi ya mlango wa nyuma, nikiibonyeza bila matumaini, kama mtoto anayebonyeza kidonda. Kutoka lango la hospitali akaja mwanamume mmoja amejifunika gazeti kichwani. Mama akamwona. Sidhani kama aliamua kitu. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitasa, mlango wa dereva ukafunguka ili ashuke kumpokea.

Vuuu.

Kioo kilichokuwa ubavuni mwangu kilipanda upana wa kidole, kikasimama.

"Mama! Usisogee!"

Akaganda, mguu mmoja nje. "Nimevunja nini tena?"

"Rudisha mlango. Taratibu. Taratibu zaidi."

Akaurudisha kama anayefunika mtoto aliyelala. Katikati ya safari yake, si pale ulipokuwa wazi kabisa wala pale ulipofungwa, kioo kikaguna na kupanda tena. Nikacheka kwa sauti. Yule abiria akatushangaa, akaenda kwenye gari la pili. "Ingia, ingia, mlango haujafungwa!" Kipaza akamwita bila kuinua kalio, na yule bwana akahangaika na kitasa huku gazeti likiyeyuka kichwani.

Nilikuwa nimeshapiga magoti penye bawaba. Pale kati ya mlango na mwili wa gari pana mpira mweusi wenye mikunjo kama shingo ya kobe, na ndani yake ndimo zinamopita waya zote za mlango. Nikauvua. Waya mwekundu, ule mnene unaolisha swichi kuu, ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, shaba yake imechanua kama nywele za mtu aliyeamka. Mlango ukiwa wazi kabisa ncha ziliachana, ukifungwa zilipishana. Katikati tu ndipo zilipokutana na kusalimiana.

"Mama, mlango huu unaufungua mara ngapi?"

"Si kila abiria? Akipanda nashuka, akishuka nashuka."

"Na wenzako?"

Akageuza shingo kutazama foleni. Wote walikuwa kwenye viti vyao, vidirisha vimefungwa, wamekauka. Mimi nilihisi kifua kinajaa fahari hadi vifungo vya shati vikalalamika. Gari lile lilitengenezewa dereva anayekaa. Waya wake ulipindwa na kunyooshwa, siku baada ya siku, na mwanamke asiyetaka mtu apigane na mlango, mpaka shaba ikachoka kabla yake yeye.

Nilikata ile sehemu iliyochoka, nikaunga kipande kipya, nikakiachia urefu wa kutosha kupinda bila kuvutika. Nikatia lehemu mama akiwa amenikinga kwa mwavuli, nikafunga, nikarudisha mpira. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kukagua, kuanzia gari la mwisho. Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache, asiyekubali hata soda ya mtu. Alipofika kwetu alisimama mbele ya vioo vilivyo nusu, akavuta pumzi ya kusema jambo lisilompendeza.

"Mama, wabonyezee," nikasema.

Akabonyeza. Vioo vinne vikapanda pamoja, vikaimba wimbo mmoja, vikafunga mvua nje. Akavishusha. Akavipandisha tena, mara hii bila kuambiwa, na nilimwona akiuma mdomo asicheke.

"Fundi mkubwa aliniambia swichi kuu imekufa," Mwenyekiti akasema.

"Ilisingiziwa kifo, mzee. Ni waya wa penye bawaba. Umekatika kwa sababu mama anashuka kumfungulia kila abiria."

Mwenyekiti akamtazama mama, akagonga paa la gari kwa kiganja. "Baki hapo hapo ulipo, mama."

Nilitaka kuruka. Lakini Kipaza alikuwa ameshusha kioo chake. "Kumbe adabu ndiyo iliyoharibu gari!" akapaza. "Mama Mapokezi, kaa kitini kama sisi, waya zako zizeeke kwa amani!"

Wakacheka tena. Mama aliingia kitini, akafunga mlango, akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele.

Langoni akatokea mwanamke amebeba mtoto aliyelala begani, mkono mwingine una mfuko wa dawa, hana mwavuli. Akaja moja kwa moja kwenye gari la kwanza. Mkono wa mama ulikwenda kwenye kitasa, ukasimama. Nikaona macho yake yameshuka kwenye bawaba, kwenye kazi yangu ya asubuhi nzima, na nikaelewa kwamba alikuwa anaionea huruma. Yule mwanamke alikuwa ameshafika, anahamisha mfuko kwenye meno ili apate mkono wa kuvutia mlango.

"Shuka, mama," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi gari la mwisho. "Mfungulie mgeni wako. Waya ukikatika kesho, nitauunga kesho. Ukikatika nikiwa na mvi, nitauunga na mvi zangu. Wewe fungua mlango."